Si kila kichomi ni nimonia: Damu inapoganda mguuni na kuumiza pafu

Kichomi ni neno linalofahamika katika kila nyumba. Mtu akivuta pumzi kisha akahisi kama amedungwa msumari ubavuni, jamaa zake husema ana kichomi, na aghalabu hukumu inayofuata huwa moja kati ya tatu: ni nimonia, ni kifua kikuu, au ni baridi imemwingia. Hukumu hizo mara nyingi hazikosei, kwani nimonia na kifua kikuu ni maradhi yaliyoenea katika nchi zetu. Lakini yako maradhi ya nne yanayokuja kwa sura ileile, nayo hayaponi kwa vidonge vya nimonia wala kwa dawa za kifua kikuu. Hayo ni maumivu yatokanayo na sehemu ya pafu kufa kwa kukosa damu, baada ya donge la damu lililotoka mguuni kuziba mshipa wake.

Tumeona tuyazungumze juma hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, maradhi haya huwapata zaidi watu ambao familia inawaangalia kwa karibu: mama aliyejifungua, mzee aliyevunjika nyonga, mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Ya pili, ufunguo wa kuyatambua mara nyingi hauko katika mashine, bali katika habari ambazo familia inazo na daktari hanazo. Daktari asipozipata, huenda akatibu kifua huku chanzo cha balaa kikiendelea kukua mguuni.

Donge hutoka wapi?

Damu imepewa tabia mbili zinazopingana. Ndani ya mshipa yatakiwa itiririke bila kusita. Mshipa unapokatika yatakiwa igande haraka ili mtu asifilisike damu. Afya ni mizani kati ya tabia hizo mbili. Katika karne ya 19, daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow alionyesha kwamba madonge yanayokutwa ndani ya mapafu ya maiti aghalabu hayakuzaliwa humo, bali yamesafiri kutoka katika mishipa ya mbali. Mpaka leo jina lake limefungamanishwa na mambo matatu yanayovunja mizani ile: damu kutuama mahali pamoja, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa na wepesi wa kuganda kupita kawaida.

Mahali panapopendwa zaidi na madonge haya ni mishipa ya ndani ya shavu la mguu, paja na nyonga. Tunapotembea, misuli ya miguu huikamua mishipa hiyo na kuisukuma damu kupanda juu kuelekea moyoni. Mtu akilala siku nyingi, au akikaa kitini saa nyingi bila kunyanyuka, kazi hiyo ya kukamua husimama na damu hutuama. Donge likishajijenga, kipande chake chaweza kukatika. Kipande hicho hupanda na damu, hupita katika mshipa mkuu wa tumboni, huingia upande wa kulia wa moyo, na kutoka humo hutupwa ndani ya mapafu. Mishipa ya pafu hugawanyika kama mfereji mkuu wa shamba unavyogawanyika kuwa vijifereji, kila kimoja chembamba kuliko kilichotangulia. Hatimaye kipande kile hufika pasipopitika, na hapo hukwama.

Madaktari huliita donge la mguuni trombosi ya veni za ndani. Likishasafiri na kukwama katika pafu huitwa embolizimu ya mapafu. Na tishu za pafu zikifa kwa sababu yake, jambo hilo huitwa infaksheni ya pafu. Ni majina matatu, lakini mkasa ni mmoja.

Kwa nini sehemu ya pafu hufa, na kwa nini huuma?

Si kila donge linalofika mapafuni huua tishu. Pafu limejaaliwa njia mbili za kupata damu. Ya kwanza ni ile mishipa mikubwa itokayo upande wa kulia wa moyo, inayoleta damu ili ikachukue hewa safi. Ya pili ni mishipa midogo itokayo katika ateri kuu ya mwili, inayolilisha pafu lenyewe. Ni mfano wa nyumba yenye bomba la mji na kisima uani: bomba likikatika, watu hawafi kiu mara moja. Kwa sababu hiyo, wengi wanaopata donge mapafuni hawapati infaksheni. Humpata yule ambaye kisima nacho hakitoshi, kama vile mgonjwa ambaye moyo wake ulikwisha kudhoofu, au pale donge linapokwama mbali, katika vijimishipa vya pembezoni mwa pafu.

Hapa pana jambo la kushangaza ambalo tungependa msomaji alishike. Donge kubwa likikwama katika mshipa mkuu, huenda mgonjwa asihisi kichomi kabisa. Yeye hukosa pumzi ghafla, akazimia, na moyo wake ukashindwa kusukuma. Madonge madogo, yanayofika hadi pembezoni, ndiyo yanayoua kipande cha tishu na kuleta maumivu makali. Nyama ya pafu yenyewe haina hisia ya maumivu. Chenye hisia ni utando unaolizunguka kifua kwa ndani. Kipande kilichokufa kinapogusana na utando huo na kuuwasha, kila pumzi huwa kama kisu. Damu nayo huvuja ndani ya vifuko vya hewa vya sehemu ile, na ndiyo sababu mgonjwa hukohoa makohozi yenye damu.

Basi, kichomi cha aina hii chaweza kuwa kimeletwa na donge dogo. Lakini donge dogo lililotangulia mara nyingi ni mjumbe wa kubwa lililobaki mguuni. Anayempuuza mjumbe hajui aliyemtuma atafika lini.

Dalili zake, na namna zinavyofanana na nyingine

Dalili kuu ni kukosa pumzi au kuhema kulikoanza ghafla, kichomi kinachozidi mtu anapovuta pumzi ndefu au kukohoa, moyo kwenda mbio, na wakati mwingine makohozi yenye michirizi ya damu. Homa huweza kuwapo, lakini kwa kawaida si kali. Baadhi ya wagonjwa huhisi wasiwasi mkubwa wasioweza kuueleza. Wengine huzimia.

Nimonia nayo huleta kichomi, kikohozi na kuhema. Lakini mara nyingi huja na homa kali na kutetemeka, huku makohozi yakiwa mazito na yenye rangi. Kifua kikuu hujikokota: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku, kukonda na kukosa hamu ya kula. Donge huja kwa kishindo; mtu aliyekuwa mzima asubuhi, jioni hawezi kumaliza sentensi. Hata hivyo mipaka hii si ya kutegemewa peke yake. Sehemu ya pafu iliyokufa yaweza kuleta homa na kuonekana katika picha mithili ya nimonia, na yaweza hata kuingiwa na vijidudu ikawa nimonia kwelikweli. Fauka ya hayo, mgonjwa wa kifua kikuu mwenyewe yuko katika hatari zaidi ya kugandiwa damu kuliko mtu mzima wa afya, na vivyo hivyo mwenye virusi vya ukimwi. Kwa hiyo jibu moja halifuti jingine. Kilicho muhimu ni kwamba, mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa za nimonia siku kadhaa bila nafuu arudi hospitali, na swali la donge la damu liulizwe.

Mguu nao una lugha yake. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na unaouma katika shavu au pajani, ni ishara yenye uzito mkubwa ikiambatana na kifua. Miguu yote miwili ikivimba kwa usawa, aghalabu sababu huwa nyingine. Lakini tusidanganyike: wako wagonjwa wengi wenye donge mapafuni ambao miguu yao haionyeshi lolote.

Wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wengi katika maeneo ya pwani na kandokando ya maziwa yetu makuu, wana tahadhari yao ya pekee. Kwao maumivu ya kifua pamoja na kuhema ni dharura siku zote, iwe sababu ni donge, maambukizi, au chembe za damu zenye umbo la mundu kuziba mishipa ya pafu. Wasisubiri nyumbani wakidhani ni maumivu yao ya kawaida.

Mama aliye katika arobaini

Miongoni mwa watu wote, tungependa kumsimamisha mbele ya msomaji mama aliyejifungua. Mimba huongeza wepesi wa damu kuganda. Bila shaka ni hekima, ili mama asimalizike damu wakati wa kujifungua. Wakati huohuo mfuko wa uzazi uliokua huibana mishipa ya nyonga, hasa ya upande wa kushoto, na ndiyo sababu madonge ya wajawazito hupenda mguu wa kushoto. Hatari haiishi mtoto anapozaliwa. Kinyume chake, wiki za mwanzo baada ya uzazi ndizo zenye hatari kubwa zaidi, na hupanda zaidi iwapo mama amejifungua kwa kupasuliwa.

Sasa tutazame desturi zetu. Mzazi hulazwa, hukandwa maji ya moto, hupikiwa uji na supu, na huambiwa asinyanyue hata kikombe. Mapenzi yaliyomo katika desturi hiyo ni makubwa, nasi hatuyabezi. Lakini kupumzika si kulala kitandani kutwa kucha. Mzazi asiye na zuio la daktari anyanyuliwe, atembee chumbani na uani mara kadhaa kwa siku, kuanzia mapema kadiri hali yake inavyoruhusu. Na iwapo mguu wake mmoja umevimba na unauma, usichuliwe kwa mafuta wala usikandwe. Apelekwe hospitali, kwa sababu kuuchua mguu wenye donge kunaweza kulimegua.

Upo mfano wa mama mmoja ambaye habari zake zinajulikana duniani, kwani amezieleza mwenyewe: mcheza tenisi wa Marekani, Serena Williams. Mwaka 2011 alikuwa amepata madonge mapafuni, baada ya kuumia mguu na kufanyiwa upasuaji. Septemba 2017 alijifungua binti yake kwa kupasuliwa, na siku iliyofuata pumzi zikaanza kumpaa. Alilitambua jambo lile mara moja. Alimwambia nesi kwamba anahitaji kupigwa picha ya siti skani na kupewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nesi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya akili. Kwanza walimpima miguu kwa altrasaundi, wasione kitu. Walipompiga siti skani ya kifua, walikuta madonge madogo kadhaa mapafuni, akaanzishiwa dawa.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba miguu ilikuwa safi katika kipimo, na bado madonge yalikuwapo mapafuni. La pili ni kwamba aliyeyabaini maradhi ni mgonjwa mwenyewe, kwa sababu alizijua habari zake na hakukubali kunyamazishwa. Yeye ni tajiri na mashuhuri, na bado ilimbidi asisitize. Seuze mama wa kawaida aliye wodini, ambaye amefundishwa kuwa ustahamilivu ndio adabu? Huyo anahitaji dada, mama au mume wa kumsemea.

Wengine wanaohusika

Aliyefanyiwa upasuaji mkubwa, hususan wa nyonga, goti au tumbo. Aliyefungwa plasta ngumu mguuni. Mgonjwa wa saratani. Aliyelala kitandani siku 3 au zaidi. Mwenye unene uliokithiri. Na aliyewahi kugandiwa damu, au ambaye wazazi au ndugu zake wa tumbo moja wamewahi. Hawa wote daktari anatakiwa awafikirie.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari hii kidogo. Wako pia akina mama wanaotumia vidonge vya kuchelewesha hedhi ili wakamilishe ibada ya Hija au funga ya Ramadhani. Kwa walio wengi dawa hizo hazileti madhara, lakini zimo ambazo huongeza hatari ya damu kuganda, nazo si za kununuliwa dukani kwa kuelekezwa na jirani. Mwenye historia ya madonge asizitumie kabla ya kumwona daktari.

Safari nayo ina sehemu yake. Matokeo ya utafiti yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 yalionyesha kuwa safari ya kukaa kitini saa 4 au zaidi huongeza hatari ya kugandiwa damu takriban mara mbili, na kwamba hilo halihusu ndege peke yake, bali basi, gari na treni pia. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, kiasi cha mtu 1 kati ya 6,000. Lakini anayesafiri siku kumi baada ya upasuaji, au mwenye mimba, hesabu yake ni nyingine. Vilevile Hujaji aliyerudi na kikohozi asidhaniwe tu kuwa ameleta mafua ya umati. Akiwa na kichomi, kuhema na mguu mmoja uliovimba, aseme alisafiri.

Madaktari hubaini vipi?

Hatua ya kwanza ni kushuku. Asiyelifikiria donge hatalipata. Daktari husikiliza habari, huhesabu mapigo ya moyo na pumzi, hupima hewa iliyomo katika damu kwa kifaa cha kubana kidoleni, na hutazama miguu yote miwili. Kifaa kile cha kidoleni kikionyesha kiwango kizuri, hiyo haitoshi kuwa dhamana; wenye madonge madogo huweza kuwa na kiwango cha kawaida.

Kisha hutumia kanuni za kupima uwezekano. Iliyo mashuhuri ni ile ya daktari Philip Wells na wenzake wa Kanada. Dalili za donge mguuni hupewa alama 3. Daktari akiona kuwa hakuna ugonjwa mwingine unaoelekea zaidi kuliko huu, alama 3. Moyo kupiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, alama 1.5. Kulala kitandani siku 3 au zaidi, au kupasuliwa katika wiki 4 zilizopita, alama 1.5. Kuwahi kugandiwa damu, alama 1.5. Kukohoa damu, alama 1. Saratani, alama 1. Zikizidi 4, mgonjwa hustahiki kupigwa picha moja kwa moja. Msomaji azingatie kwamba hakuna hata alama moja kati ya hizo inayotoka katika mashine. Zote hutoka katika kuuliza, kutazama na kuhesabu, na nusu ya majibu yake yako vinywani mwa jamaa. Zahanati ya kijijini yaweza kuitumia kanuni hii ikatoa rufaa mapema. Kwa wajawazito, madaktari wana taratibu nyingine.

Alama zikiwa chache, kipimo cha damu kiitwacho D-dima husaidia. Hicho hutafuta mabaki ya donge linaloyeyuka. Kikiwa chini kwa mtu mwenye alama chache, donge huweza kuondolewa katika hesabu. Lakini kikiwa juu hakithibitishi kitu, maana hupanda pia kwa mimba, uzazi, upasuaji, maambukizi na umri. Ni kipimo kizuri cha kukanusha, si cha kuthibitisha.

Picha ya eksirei hupigwa karibu kila mara, nayo ina mtego wake. Kwa mgonjwa wa donge huweza kuwa safi kabisa, na usafi huo kwa mtu anayehema unatakiwa uongeze shaka badala ya kuipunguza. Pale ambapo tishu zimekufa, huonekana kivuli pembezoni mwa pafu, aghalabu sehemu ya chini, kikiwa kimekalia utando na kichwa chake cha mviringo kikielekea ndani. Kivuli hicho hujulikana kama nundu ya Hampton, kwa jina la daktari wa Marekani Aubrey Hampton aliyekieleza pamoja na Benjamin Castleman mwaka 1940. Ni rahisi mno kivuli hiki kuitwa nimonia, au kwetu kifua kikuu, iwapo anayekisoma hakuambiwa kwamba mgonjwa alijifungua wiki mbili zilizopita. Hata kupona kwake kuna tofauti: kivuli cha nimonia hutoweka kwa mabaka, ilhali kivuli cha tishu zilizokufa husinyaa polepole kutoka kingoni, kwa wiki au miezi, kikilinda umbo lake kama barafu inayoyeyuka.

Kipimo kinachotegemewa zaidi leo ni siti skani ya mishipa ya mapafu, ambapo dawa ya rangi huingizwa katika mshipa wa mkono ili mishipa ya pafu ing'ae, na donge lionekane kama pengo jeusi. Mwenye maradhi ya figo au aliyewahi kupata mzio wa dawa hiyo ya rangi aseme kabla. Katika hospitali chache kubwa kipo pia kipimo kinacholinganisha hewa na damu zinavyosambaa katika pafu. Na pale ambapo siti skani haipatikani, altrasaundi ya mishipa ya miguu ni msaada mkubwa: likionekana donge mguuni kwa mtu mwenye dalili za kifuani, matibabu huweza kuanza, kwani dawa ni ileile. Isipoonyesha kitu, kama tulivyoona katika kisa cha Serena, shaka haijaondoka. Kwa mgonjwa aliye taabani, altrasaundi ya moyo huonyesha iwapo upande wa kulia umelemewa. Kipimo cha umeme wa moyo nacho husaidia, hasa kwa kuondoa shaka ya maradhi mengine ya moyo.

Shaka ikiwa kubwa, daktari huanza dawa huku vipimo vikisubiriwa. Kungoja jibu la kesho kunaweza kuwa kumngojea yule aliyemtuma mjumbe.

Dawa, na maswali yanayoulizwa

Mwaka 1960 madaktari wawili wa Bristol, Uingereza, Barritt na Jordan, walitangaza matokeo ya jaribio dogo lenye funzo kubwa. Kati ya wagonjwa 19 wenye donge mapafuni ambao hawakupewa dawa za kuzuia damu kuganda, 5 walikufa kwa madonge. Kati ya 16 waliopewa, hakufa hata mmoja kwa madonge. Tangu hapo halikubaki swali kama dawa hizo zinahitajika. Haziliyeyushi donge papo hapo. Huzuia lisikue wala lisizaliwe jingine, na mwili wenyewe hulisafisha kidogo kidogo. Matibabu huchukua miezi 3 kwa uchache.

Dawa hizo ni heparini na enoksaparini za sindano, warfarini ya vidonge, na vidonge vipya kama rivaroksabani. Mjamzito hutibiwa kwa sindano, kwa sababu warfarini humfikia mtoto tumboni na kumdhuru. Mama anayenyonyesha huweza kutumia heparini au warfarini kwa uangalizi wa daktari. Anayetumia warfarini hupimwa damu mara kwa mara kwa kipimo cha INR, na hutakiwa asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula. Asitumie diklofenaki, aspirini wala dawa za miti shamba bila kuuliza, kwani huweza kumtoa damu. Na anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini amkumbushe daktari, maana dawa hiyo hupunguza nguvu ya warfarini na ya vidonge vipya.

Heparini nyingi iliyopo duniani hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe, na enoksaparini hutokana nayo. Muislamu anayelisikia hilo kwa mara ya kwanza akiwa wodini huweza kushtuka na kuikataa sindano. Ni haki yake kuuliza kama kuna mbadala. Upo, kama fondaparinuksi iliyotengenezwa maabara, na vidonge tulivyovitaja, japo si kila mahali hupatikana na si kila mgonjwa vinamfaa. Pale ambapo mbadala haupo na uhai umo hatarini, wanachuoni wengi wa zama zetu wameiruhusu kwa mlango wa dharura. Vivyo hivyo, mwanamke anayeona haya kukaguliwa mguu aombe mhudumu wa kike, lakini asipopatikana, mguu usiachwe bila kutazamwa.

Mkienda hospitali, semeni haya

Mgonjwa anayehema hawezi kusimulia. Anayemsindikiza awe na majibu ya maswali haya saba, hata kama hakuulizwa:

1. Kuhema au kichomi kulianza lini, na kulianza ghafla au polepole?
2. Je, amejifungua, ameharibikiwa na mimba, au ana mimba sasa?
3. Je, amepasuliwa, amevunjika au amefungwa plasta katika wiki za karibuni?
4. Je, amelala kitandani siku nyingi, au amesafiri kwa saa nyingi?
5. Je, anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, vya kuchelewesha hedhi, au homoni yoyote?
6. Je, yeye au ndugu yake wa damu amewahi kugandiwa damu? Je, ana saratani au selimundu?
7. Je, mguu mmoja umevimba au unauma? Na ni dawa gani amekwisha kutumia bila nafuu?

Baada ya kuyasema, si utovu wa adabu kumuuliza daktari kwa upole: "Je, yawezekana likawa donge la damu?" Daktari mwema hatachukia. Huenda akajibu kuwa hapana, na akaeleza kwa nini. Huenda pia akasita kidogo, akamtazama mgonjwa upya, kisha akaomba aoneshwe miguu.

Na mtu akizimia, akibadilika rangi ya midomo, akikohoa damu nyingi au akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, hapo maswali yafuate njiani. Kwanza apelekwe hospitali, usiku au mchana.

Kinga yake ni nyepesi kuliko tiba. Mzazi na aliyepasuliwa watembezwe mapema. Aliyefungwa plasta achezeshe vidole na misuli kama alivyoelekezwa. Msafiri anyanyuke basi linaposimama, na ndani ya ndege apite ujiani kila baada ya muda. Aliyeandikiwa sindano za kinga baada ya upasuaji azimalize, asiziache kwa kuwa amejiona mzima.

Juma lijalo, Inshaallah, tutazungumzia uvimbe wa miguu yote miwili na maradhi yanayojificha nyuma yake.